Karatasi ya kasoro: niliyojifunza kwa kuuza magari sita ya bei ya chini

Gari la kwanza nililouza mwenyewe, bila dalali, liliondoka saa nne asubuhi likiwa na maji mapya kwenye radieta. Maji hayo niliyajaza mimi alfajiri, kabla mnunuzi hajafika.

Nilijua kwamba linapoteza maji. Yalikokuwa yakienda sikukujua, maana chini ya gari hapakuwa na hata tone, nikajiambia kwamba jambo nisilolijua chanzo chake sina wajibu wa kulitaja. Mnunuzi alikuwa kijana aliyepata kazi ya zamu ya usiku na alihitaji usafiri wa kumrudisha nyumbani saa ambazo barabara hazina watu. Alizunguka gari mara mbili, akaliendesha dakika kumi, kisha akaniuliza, "Kaka, kuna tatizo lolote ninalopaswa kulijua?" Nikamjibu, "Mwenyewe umelisikia. Liko vizuri."

Wiki ya tatu akapiga simu. Gari limechemsha, fundi amefungua, silinda hedi imepinda. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kuchoka: "Ungeniambia tu, kaka. Ningelichukua hivyo hivyo, ila ningebakiza hela ya fundi."

Nilimchangia nusu ya gharama. Nusu ile nyingine bado naihesabu kuwa deni. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba gari linalopoteza maji bila kudondosha mara nyingi huwa linayanywa lenyewe: gasketi ya silinda hedi imeachia, maji yanapenya kwenye chumba cha kuchomea mafuta na kutoka kama moshi mweupe mzito, wenye harufu tamu ikiwa radieta ina kipozeo cha kiwandani. Dalili hizo zote zilikuwepo. Sikutaka kuziangalia.

Tangu siku ile nimeuza magari mengine matano: mawili yangu, moja la dada yangu, moja la jirani, na moja la marehemu mjomba. Yote ya daraja lile la chini kabisa sokoni, yenye umri wa miaka kumi na mitano na kuendelea, na kilomita zaidi ya 200,000. Siuzi kama biashara. Watu wa karibu waliona naweza, wakaniomba.

Anayenunua gari jipya ana dhamana ya kiwanda. Anayenunua kwenye yadi ana mlango wa kurudi kugonga. Lakini anayenunua gari la bei ya chini kutoka kwa mtu binafsi mara nyingi amekuja na akiba yake yote, amekopa kidogo juu yake, na hana senti ya matengenezo ya mwezi wa kwanza. Katika wanunuzi wote wa magari, huyu ndiye asiyeweza kumudu kudanganywa, na ndiye anayedanganywa zaidi. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimewahi kuwa upande ule mwingine wa boneti.

Na yeye anajua. Anafika akiwa ameshaogopa. Kila unachosema anakipunguza nusu, kila unachonyamazia anakizidisha mara mbili. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alilieleza jambo hili kwa kutumia mfano huu huu wa magari yaliyotumika: muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi hukubali kulipa bei ya gari la wastani tu. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo haimfai, analiondoa sokoni, na sokoni yanabaki mabovu zaidi. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa washindi watatu wa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za aina hiyo. Niliposoma maelezo yake nilimkumbuka yule kijana. Nilikuwa na njia rahisi kabisa ya kumwonyesha gari lile ni la namna gani, nikachagua kumwacha gizani.

Kwa hiyo sasa naanza na karatasi. Kabla ya tangazo, kabla ya picha, nalipeleka gari kwa fundi asiyenijua na kumwambia nataka kulinunua, anikagulie. Simwambii ni langu. Fundi wako wa siku zote ameshazoea kelele za gari lako na hazisikii tena. Wewe pia huzisikii. Huyu mgeni atakuambia bushi za mbele zimekwisha, shokapu ya kulia inavuja, gia inachelewa kuingia ya pili injini ikiwa ya baridi. Naandika kila neno lake kwenye karatasi moja, kwa lugha ya kawaida, na chini yake naongeza yale ninayoyajua mimi: dirisha la nyuma kushoto halishuki, geji ya mafuta ikifika robo inashuka haraka kuliko kawaida.

Kuhusu taa ya injini kwenye dashibodi nina la kusema zaidi. Gari la dada yangu lilikuwa nayo, inawaka bila kuzima. Kompyuta ilisoma P0420, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi hukiita masega hakisafishi ipasavyo. Gari lilitembea bila shida yoyote. Fundi mmoja akaniambia, kama vile ananipa msaada, "Lete nikufutie, taa haitarudi kabla hujaliuza." Alikuwa sahihi kwamba taa ingechelewa kurudi. Lakini ukifuta kumbukumbu ya kompyuta, na vile vipimo ambavyo gari hujipima lenyewe likitembea vinafutika pia, na hubaki vikisomeka kuwa havijakamilika mpaka gari liendeshwe vya kutosha katika hali mbalimbali. Mtu yeyote mwenye kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye lile tundu la pini 16 chini ya usukani, ambalo liko kwenye magari yote yaliyouzwa Marekani kuanzia mwaka wa modeli 1996, ataona kwamba kuna mtu alifuta kitu juzi. Niliacha taa ikiwaka, nikaipiga picha, nikaandika namba ya hitilafu kwenye tangazo. Mnunuzi wa tatu alisoma, akauliza swali moja tu, akaja na hela.

Je, nitengeneze kwanza au niuze lilivyo? Nimejaribu yote mawili. Matengenezo makubwa kwenye gari la bei ya chini hayarudishi hela yake. Dada yangu alitaka lipakwe rangi upya. Nilimzuia, kwa sababu rangi mpya kwenye gari kuukuu humfanya mnunuzi ajiulize limegongwa wapi. Vinavyolipa ni vidogo: balbu zilizoungua, mipira ya waipa, betri kama imechoka. Betri pima kwa mita baada ya gari kulala usiku mzima. Ikiwa nzima na imejaa inasoma kama volti 12.6, na ukiwasha injini inapaswa kupanda hadi karibu 14. Isipopanda, tatizo liko kwenye alternata au njia ya kuchaji, na betri mpya itakuwa kumpa mnunuzi wiki moja ya furaha ya uongo.

Osha gari, ndani na nje. Injini usiioshe ing'ae. Nilioshea gari la jirani injini kwa mashine ya maji nikidhani ni ustaarabu, na mnunuzi wa kwanza akafungua boneti, akatazama, akafunga. Aliniambia kwa upole kwamba injini ya miaka kumi na saba isiyo na vumbi inamwambia kuna mvujo uliofutwa jana. Hakukuwa na mvujo. Lakini ushahidi wa kumwonyesha hivyo niliuosha mimi mwenyewe.

Picha napiga asubuhi kabla jua halijawa kali, pande zote nne, viti, dashibodi ikionyesha kilomita, tairi, na kila mkwaruzo kwa karibu. Watu hunishangaa kwa hili la mikwaruzo. Anayekuja baada ya kuiona mikwaruzo kwenye simu hafiki na kuanza kuipigia bei. Ameshaimeza akiwa kwake.

Bei ndiyo inayonichosha kuliko yote. Ninatazama magari ya aina hiyo hiyo, mwaka na kilomita zinazokaribiana, nikikumbuka kwamba bei iliyoandikwa ni matumaini ya muuzaji na wala si hela aliyopokea. Naweka nafasi ndogo ya maongezi, kwa sababu mtu asiyepunguziwa hata kidogo huondoka akihisi ameshindwa. Kisha zinaanza zile simu: "Bosi, bei ya mwisho ngapi?" Hajaliona gari, hajauliza lina hali gani. Zamani nilikuwa nataja bei ya chini hapo hapo, mtu anafika, na ile ya simuni inakuwa ndiyo ya kuanzia maongezi upya. Sasa najibu, "Njoo ulione, ulijaribu, tutaongea likiwa mbele yetu." Wengi hawaji, na hapo sijapoteza mnunuzi. Simu zikiwa kimya wiki mbili, bei iko juu. Zikiingia thelathini siku ya kwanza, na nusu yake ni madalali, umejipunja.

Mnunuzi akisema anakuja saa tatu, siliwashi gari asubuhi hiyo hata kama nina safari. Mzee mmoja ndiye aliyenifundisha hili, yule aliyenunua gari langu la tatu. Alifika, tukasalimiana, na kabla hajasema lolote akaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la baridi. Akatikisa kichwa kukubali. Injini iliyopashwa moto huficha mengi: mlio wa vyuma asubuhi oili ikiwa haijapanda, moshi wa bluu wa kwanza unaosema oili inachomeka, uvivu wa kuwaka. Mzee alisimama nyuma ya bomba la moshi wakati mimi nawasha.

Kisha akaenda kwenye tairi. Kila tairi ina tarakimu nne pembeni mwake, mwishoni mwa msururu unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mzee alizisoma zote nne akiwa amechuchumaa, akainuka taratibu. "Mwanangu, tairi hizi zimenunuliwa moja moja. Mwenye gari alikuwa anabana hela. Na anayebana hela huchelewa hata kubadilisha oili."

Alikuwa amesoma maisha yangu ya miaka mitatu kwenye mipira. Ilikuwa kweli nilinunua tairi moja moja. Lakini oili sikuchelewesha, na risiti nilikuwa nazo, zimefungwa kwa mpira ndani ya bahasha. Alivaa miwani akazipitia moja baada ya nyingine, akasimama kwenye ya mkanda wa taimingi, uliobadilishwa kwenye kilomita 180,000. Mkanda huo ukikatika injini ikiwa inazunguka, katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni na kazi inakuwa imekwisha. Muuzaji akikuambia umebadilishwa, huwezi kuuona bila kufungua kava. Karatasi ile moja ilifanya kazi ambayo maneno yangu yasingeweza. Mzee alinunua bila kupunguza sana, na tangu hapo situpi risiti ya gari hata ya plagi.

Kwenye kujaribu barabarani, mimi hukaa na mnunuzi kiti cha pembeni, baada ya kuona leseni yake na kuhakikisha bima inamruhusu kuendesha. Sielekezi njia fupi laini. Nachagua njia yenye kilima, yenye matuta, na sehemu ya kukimbia kidogo, na nanyamaza ili asikie gari. Nilikuwa nikiongea mfululizo zamani. Leo najua kwamba nilikuwa nafunika mlio.

Akitaka kumleta fundi wake, amlete. Fundi wa mnunuzi wa gari la dada yangu alilinganisha namba ya chesisi kwenye chuma na ile ya kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu, nikaona anapoteza muda. Kumbe kwenye kadi palikuwa na herufi O mahali pa sifuri. Namba ya kimataifa ya gari ina herufi na tarakimu 17, na herufi I, O na Q hazitumiki ndani yake kamwe, hasa ili zisichanganywe na moja na sifuri. Kosa lile lilikuwa limekaa kwenye kadi miaka sita bila sisi kuliona. Ilitubidi tuahirishe mauzo mpaka kadi irekebishwe, na mnunuzi alisubiri. Angeligundua mwenyewe baada ya kulipa, siku ya kubadilisha umiliki, sidhani kama angeamini kwamba hatukujua. (Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani yana namba fupi ya fremu badala ya hiyo ya 17, kwa hiyo usishtuke ukiikuta.)

Hela nazo zina mitego yake. Kuna mtu alinipigia akasema yuko mbali, hana haja ya kuliona gari, atalipa zaidi ya bei na niirudishe ile ziada kwa msafirishaji wake. Nilikaribia kukubali, maana ujumbe wa malipo ulishaingia kwenye simu, umeandikwa vizuri kabisa. Kilichoniokoa ni kufungua akaunti yenyewe na kukuta salio halijabadilika. Ujumbe si hela, na karatasi ya benki iliyopigwa picha si hela. Nikipokea taslimu, tunahesabia na kuweka benki tukiwa wote wawili, na funguo natoa baada ya hapo. Mtu akiomba nimshikie gari, napokea kishika uchumba kidogo, naandika tarehe ya mwisho, nampa risiti, na nalitoa tangazo. Kulishika gari bila chochote kwa sababu mtu ana sauti nzuri kumeniponza mara mbili.

Gari langu la pili nililiuza vizuri kwa kila hali isipokuwa moja: tulipeana mikono, akaahidi kubadilisha jina wiki hiyo, nami nikamwamini. Miezi minne baadaye nilipokea faini ya mwendo kasi kwa jina langu, ya barabara ambayo sijawahi kuipita. Ingeweza kuwa ajali. Ingeweza kuwa mtu amegongwa na gari limekimbia, na mlango unaogongwa usiku ni wangu. Siku hizi nakwenda na mnunuzi hadi ofisi ya usajili, hata kama foleni ni ya nusu siku, na tunaandika mkataba wa mauziano wenye majina yetu, namba ya chesisi, kilomita za siku hiyo, tarehe na saa, na maneno kwamba gari limeuzwa lilivyo pamoja na kasoro zilizoorodheshwa kwenye karatasi iliyoambatishwa. Ile karatasi ya fundi. Anaisaini kila ukurasa, nami naisaini. Inamlinda yeye, na inanilinda mimi pia siku akisema hakuambiwa.

Kabla ya kumkabidhi funguo, ingia ndani ufute majina ya simu yaliyohifadhiwa kwenye redio na anwani ya nyumbani kwenye ramani, kama gari linazo, na uchukue rimoti ya geti.

Gari la mwisho lilikuwa la mjomba. Lilikuwa gumu kwangu kwa sababu ambazo hazihusiani na injini. Kofia yake ilikuwa bado kwenye kioo cha nyuma. Aliyelinunua ni mama mmoja aliyekuwa na mtoto anayehitaji kufika hospitali mara mbili kwa wiki. Nilimpa karatasi asome kabla hajaligusa gari, nikasogea pembeni. Alisoma muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kaka, kati ya haya yote, lipi litanisimamisha njiani?" Nilimwonyesha mstari wa saba, bomba la juu la radieta lililoanza kuvimba, na kumwambia lishughulikiwe wiki hiyo hiyo, lingine lolote linaweza kusubiri. Alipunguza bei kwa kiasi cha bomba na kazi ya fundi, wala si zaidi, nami nikakubali.

Mwaka na nusu baadaye alinipigia. Mtoto anaendelea vizuri, amepata gari kubwa kidogo, na hili anataka kuliuza. Alikuwa ameipoteza ile karatasi, akauliza kama nina nakala. Nilikuwa na picha yake kwenye simu, nikamtumia. Jioni akanirudishia ikiwa imeandikwa upya kwa mwandiko wake: mstari wa saba umekatwa, pembeni tarehe ya bomba jipya, na chini ameongeza kasoro tatu ambazo mimi sikuwahi kuziona.